Mmesoma wenyewe au mmesimuliwa? Majibu ya maswali yenu kuhusu vitabu nilivyopendekeza

Tangu nitoe ile orodha ya riwaya za Kiswahili (Kusadikika ya Shaaban Robert, Rosa Mistika ya Kezilahabi, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Siku Njema ya Ken Walibora, Peponi ya Gurnah, na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Kitereza) meseji hazijakatika, na nashukuru sana, wapo waliosifia, wapo waliokasirika na wapo walioomba PDF tu bila hata salamu. Nimechagua chache za kujibu leo. Nyingine zinafanana mno, yaani ukisoma moja umesoma thelathini.

SWALI (Morogoro): Kusadikika nimefika katikati nikaacha. Kila mjumbe hadithi ni ileile, anatumwa, anarudi, anafungwa. Hicho ndo kitabu cha kutupendekezea kweli?

JIBU: Ndiyo, na hicho unacholalamikia ndicho kinachokifanya kiwe kitabu. Hebu angalia tena. Karama, raia wa Kusadikika, nchi ya kubuni iliyo angani, kashitakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria, Waziri Majivuno kamshupalia afe, na yeye badala ya kujitetea kwa maneno matamu anaanza kuwasimulia habari za wajumbe sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, kila mmoja kaenda kuitafutia nchi yake jambo jema na kila mmoja akarudi akatupwa gerezani. Sasa kama angesimulia mmoja tu, Majivuno angesema hiyo ilikuwa bahati mbaya. Wa pili, labda. Lakini wakifika sita hakuna tena wa kusema bahati mbaya, hiyo ni tabia ya serikali nzima, na baraza lenyewe linaanza kujiona. Huko kurudia ndiko hoja ya mtetezi. Na kumbuka kitabu kimetoka 1951 mkoloni yupo ofisini kwake, na Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa serikali hiyohiyo, asingeweza kuandika wazi kwamba nchi hii inawafunga wanaoipenda, akaipeleka nchi yake angani.

Mimi nadhani kilichokuchosha ni namna tulivyofundishwa kukisoma. Shuleni ulipewa "dhamira: uongozi mbaya" kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, kwa hiyo ulipofika kwa mjumbe wa tatu ulikuwa unatafuta dhamira nyingine ya kuandika kwenye daftari, hukuipata, ukaboreka. Rudi usome ile siku ya mwisho ya kesi, kisha uniandikie tena.

SWALI (wengi sana, Dar, Mwanza, Nairobi, mmoja Muscat): Naomba PDF.

JIBU: Hapana.

Na nitaongeza kidogo maana hili swali linakuja kila wiki na kila wiki najibu. Hizo PDF zinazozunguka kwenye magrupu ni vitabu vya watu vilivyopigwa picha kwa simu, kurasa zimekatwa pembeni, nyingine hazipo kabisa, halafu mtu anasoma hivyo anakuja kuniambia riwaya haieleweki. Haieleweki kwa sababu kurasa ishirini zimerukwa! Mchapishaji akiona kitabu hakiuzwi hakichapi tena, na ndo maana riwaya nyingi nzuri za miaka ya 70 leo huzipati dukani hata ukiwa na hela mkononi. Dar kuna duka la TPH (Tanzania Publishing House) pale barabara ya Samora, kuna Maktaba Kuu ya Taifa ambayo watu wanapita nje yake kila siku, Nairobi kuna wale wauza vitabu vya mitumba barabarani ambao wana hazina humo chini kwenye mafungu. Ulizia, inama utafute. Kama hela hakuna changishaneni watu watano mnunue nakala moja mzungushe, hiyo sina ugomvi nayo kabisa.

SWALI (mwanafunzi, Dodoma): Shikamoo. Naomba unisaidie wahusika wa Vuta N'kuvute na sifa zao, pia dhamira na ujumbe, nina mtihani Jumatatu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sitakuandikia, na sio kwa ubaya. Ukianza leo usiku Jumatatu utakuwa umemaliza, maana ile riwaya inakimbia yenyewe, Yasmin keshaozeshwa kwa Bwana Raza mzee mwenye duka, kachoka, hujakaa sawa umeshajikuta Mombasa, mara umerudi Unguja, mtaa wa Ng'ambo, kwa Mwajuma na taarabu, na Denge na wenzake wanapitisha makaratasi ya siri huku polisi wa Mwingereza wanawafukuzia. Sifa za wahusika utaziona mwenyewe, huhitaji mtu akuorodheshee kwamba Yasmin ni "jasiri". Jasiri lini? Alipofanya nini? Hapo ndo kuna majibu ya mtihani na hapo ndo kuna utamu.

Walimu na nyie mnaosoma hapa, naombeni sana, mpeni mtoto kitabu kabla ya kumpa mwongozo. Kuna watu wazima leo, wana digrii, wanaweza kukutajia dhamira tano za riwaya ambayo hawajawahi kuishika mkononi.

SWALI (Arusha): Nimeshangaa umependekeza Rosa Mistika, kitabu kichafu kile, kiliwahi hata kupigwa marufuku mashuleni. Wewe una binti?

JIBU: Ni kweli kilizuiwa mashuleni kwa muda baada ya kutoka 1971, na ni kweli baadaye kikarudishwa kwenye orodha za shule hizohizo. Sasa nikuulize, umekisoma chote? Maana wanaokiita kichafu karibu wote wanazungumzia mambo ya Rosa akiwa chuoni na hakuna anayezungumzia kurasa za mwanzo, baba yake Zakaria, mlevi, anampiga yule mtoto mpaka basi kwa sababu ya barua ya mvulana. Kezilahabi kaanzia pale makusudi kabisa. Binti aliyelelewa kwa kufungiwa na kipigo, hajawahi kuzungumza na mtu yeyote nyumbani kuhusu mwili wake wala wanaume, siku akifunguliwa mlango anakwenda wapi? Riwaya nzima ni jibu la hilo swali na jibu lenyewe linatisha, na linapaswa kutisha, hasa sisi wazazi. Wewe unaona kinamfundisha binti uhuni. Mimi naona kinamkamata baba shati.

Kuhusu umri, sawa, mtoto wa darasa la sita simpi. Wa kidato cha nne nampa, na ningependa baba yake akisome kwanza yeye, kisha wakizungumzie mezani, hata kama mazungumzo yatakuwa magumu.

SWALI (Kisumu): Bwana Msa si ni Sherlock Holmes tu aliyevalishwa kanzu?

JIBU: Bwana Msa ndiye mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale. Muhammed Said Abdulla kachukua umbo la kule, kwenye hadithi za upelelezi za Kiingereza, mpelelezi mwenye kiko na rafiki wa kumsindikiza, Najum, hilo liko wazi. Lakini soma watu wanavyoongea mle ndani, ule utani wa Unguja, mtu anavyomzunguka mwenzie kwa adabu huku anamchimba, hakuna mwingereza anayeweza kukuandikia vile. Mzimu wa Watu wa Kale kimetoka 1960 na mpaka leo ukitaka kujua maongezi ya Kiswahili yanaandikwaje, pale ni darasa.

SWALI (Kitale): Asante kwa kuweka Siku Njema. Ila orodha yako imejaa Wazanzibari, kwani sisi wengine hatuandiki?

JIBU: Ndugu yangu hesabu tena. Kezilahabi na Kitereza ni wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, Shaaban Robert ni wa Tanga, na Ken Walibora ni wenu wa bara kabisa huko Kenya. Wazanzibari ni watatu, na wamestahili. Hii tabia ya kupima kitabu kwa kabila au kisiwa cha mwandishi siipendi na nitaisema kila mara. Siku Njema yenyewe inakujibu, Kongowea anatoka Tanga kumtafuta baba mpaka huko kwenu Kitale, mwandishi wa bara kaanzia riwaya yake pwani na kule pwani watu wameisoma kama yao. Walibora alitutoka Aprili 2020, ghafla, na bado naumia kwamba wengi mnamjua kwa Kidagaa Kimemwozea tu kwa sababu kilikuwa cha mtihani. Tafuteni na vile ambavyo havikutahiniwa.

SWALI (Zanzibar): Mbona hakuna hata mwanamke mmoja kwenye orodha?

JIBU: Dada, barua yako ndo iliyonipendeza kuliko zote, maana inagusa kidonda cha kweli. Wachapishaji wetu kwa muda mrefu wametoa riwaya za wanaume kwa wingi, na shule zikapanga hizohizo, mpaka mtu anafikiri wanawake hawakuandika. Wakati mwanamke wa Pate, Mwana Kupona, kamtungia binti yake utendi mwaka 1858 na bado tunausoma! Haya chukua: Zainab Burhani, Mali ya Maskini. Clara Momanyi, Nakuruto. Assumpta Matei, Chozi la Heri, ambacho Wakenya wengi mlikisoma kwa ajili ya mtihani tu mkakiacha, kirudieni sasa mkiwa watu wazima, ile habari ya familia zilizofukuzwa makwao baada ya uchaguzi inasomeka tofauti kabisa ukiwa na watoto wako. Na kwa upande wa tamthilia Penina Muhando, anza na Hatia ya 1972, utashangaa hakuna kilichobadilika.

SWALI (London): Gurnah kapewa Nobeli 2021. Kwa nini Shaaban Robert hakupewa?

JIBU: Shaaban Robert alifariki 1962 na Nobeli haitolewi kwa marehemu, hilo limekwisha. Ila kuna swali kubwa zaidi chini yake. Gurnah anaandika Kiingereza, kwa hiyo kule Stockholm inakotolewa Nobeli wamemsoma moja kwa moja. Mwandishi wa Kiswahili anasubiri mtu amtafsiri kwanza, na sisi hatuweki hela kwenye tafsiri, si ya kutoka wala ya kuingia. Angalia tu, Paradise, ambayo kwa Kiswahili ndiyo Peponi, ilitoka Uingereza 1994, ikaingia fainali za tuzo ya Booker mwaka uleule, na sisi ambao hadithi ile ni ya kwetu, pwani yetu na misafara yetu, tumeipata kwa Kiswahili 2022, miaka 28 baadaye, na ni baada ya Nobeli! Ida Hadjivayanis, anayefundisha Kiswahili pale SOAS, chuo cha London, kafanya kazi nzuri mno, Peponi inasomeka kana kwamba imerudi nyumbani, Yusuf na Khalil wanaongea kama watu unaowajua. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka 1963 akiwa Rais, kisha Mabepari wa Venisi 1969. Mtu mwenye nchi changa mikononi alipata muda. Leo tuna vyuo vikuu vimejaa idara za Kiswahili, wanafunzi wanaandika tasnifu za dhamira zilezile kila mwaka, kwa nini wasipewe riwaya waitafsiri kama kazi ya shahada?

SWALI (Mbeya): Hujaweka kitabu hata kimoja cha mafanikio na biashara.

JIBU: Sijaweka na sitaweka. Vingi vimeandikwa kwa mtu wa Marekani mwenye benki, mikopo ya nyumba na kodi za Marekani, wewe uko Mwanjelwa. Ukitaka kujua hela inavyomfanya mtu soma Kuli ya Adam Shafi, watu wa bandarini Unguja na ule mgomo wa 1948.

SWALI (Mwanza): Nimenunua Bwana Myombekere, ni kinene sana na hakuna kinachotokea. Nifanyeje?

JIBU: Punguza mwendo. Yanatokea mengi ila sio kwa kasi ya filamu. Mke kachukuliwa na wazazi wake kwa sababu hawajapata mtoto, mume anakwenda ukweni kumwomba, anatozwa pombe ya ndizi, na kupata hiyo pombe tu ni safari nzima, nani ana ndizi, nani atasaidia kukamua, nani wa kubeba, na huku njiani unaonyeshwa Ukerewe kabla ya wakoloni, dawa, uvuvi, salamu, vyakula, mpaka namna ya kumkaribisha mgeni. Wanaosema hakuna kinachotokea wanasubiri mtu afe.

Na tafadhali ujue unachoshika. Aniceti Kitereza alikimaliza 1945 kwa Kikerewe, hakuna aliyetaka kukichapa, akakaa nacho, uzeeni akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, TPH wakakitoa 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Zaidi ya miaka thelathini mswada uko ndani ya nyumba! Basi wewe kumpa kurasa kumi kila usiku sio kazi kubwa. Soma kwa sauti kama kuna mtu nyumbani, hasa mtu mzima wa kanda ya ziwa, atakusimamisha kila baada ya aya akueleze jinsi kwao walivyokuwa wakifanya.

SWALI (Tanga): Vuta N'kuvute ina filamu, si naweza kuangalia hiyo tu?

JIBU: Angalia, ni nzuri, Amil Shivji kaitengeneza vizuri na ilionyeshwa hadi tamasha la Toronto 2021. Ila filamu imechukua mapenzi ya Yasmin na Denge na harakati, basi, muda haukuruhusu zaidi, na kitabu kina maisha mengine mengi pembeni. Soma kwanza, kisha angalia.

Walioniuliza kuhusu riwaya za Nyota ya Rehema na Kichwamaji barua zenu ninazo, zinajibiwa awamu ijayo. Wale wawili mlioandika "sijaisoma ila nasikia mwisho wake mbaya", zenu nimeziweka pembeni mpaka mtakapomaliza kusoma.