Swali la lugha: Je, ni sawa kusema "kura za upendeleo"?

Swali: Nimesoma kwamba nchini Australia "kura za upendeleo huwapa wanasiasa wadogo ushawishi bungeni", nikadhani sheria yao huwabeba wagombea fulani. Je, nimeelewa vibaya?

Jibu: Hukukosea, sentensi ndiyo yenye kasoro. Kitenzi "kupendelea" kina maana mbili, yaani kupenda kitu kuliko kingine na kumbeba mtu bila haki, lakini nomino "upendeleo" imeegemea mno maana ya pili, hasa inapotajwa pamoja na uchaguzi. Utaratibu wenyewe, uliowekwa mwaka 1918 kwa Baraza la Wawakilishi la Australia, haumbebi yeyote: mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, na asipopatikana aliyevuka nusu ya kura, anayeshika mkia huondolewa na kila kura yake huhamishiwa kwa mgombea anayefuata katika karatasi hiyo. Kwa hiyo napendekeza "kura ya kupanga machaguo", kisha "chaguo la kwanza", "chaguo la pili" na kuendelea.

Tazama jinsi maneno haya yanavyolieleza tukio la mwaka 2010 bila utata. Katika jimbo la Denison, Tasmania, mgombea binafsi Andrew Wilkie alikuwa wa tatu kwa machaguo ya kwanza, akiwa na takriban asilimia 21, lakini wengine walipoondolewa kura zilizohamishiwa kwake zilimpa ushindi. Kambi mbili kubwa zilikuwa zimefungana kwa viti 72 kila moja, hivyo yeye na wabunge wengine wachache ndio walioamua kwamba Julia Gillard abaki kuwa waziri mkuu. Ukiandika kwamba Wilkie alishinda "kwa upendeleo", utakuwa umemvunjia heshima yeye na wapiga kura wake, na jambo hilo mwandishi wa habari hapaswi kulichukulia kwa wepesi.

"Wanasiasa wadogo" nalo lina mushkeli, kwani huenda likaeleweka kuwa ni wadogo wa umri. Sentensi uliyoisoma ningeiandika hivi: "Nchini Australia, kura ya kupanga machaguo huweza kuwapa wagombea binafsi na wa vyama vidogo viti, na pale kambi kubwa zinapokosa wingi wa kutosha, huwapa pia sauti ya uamuzi bungeni."