Kupanga albamu za Dream Theater bila kugombana

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje, maana wenzio wa barazani Ngamiani wanakubeza kwa kuiweka Awake juu ya Images and Words, zote albamu za Dream Theater, bendi ya metali ya Marekani. Usiishushe. Ila kabla hamjabishana tena, mwulize kila mmoja: umeisikiliza albamu nzima, au ni nyimbo mbili tatu ulizorushiwa kwenye simu?

Hoja yako ina uzito. Kwenye Awake ya 1994 mpiga gitaa wao, John Petrucci, alianza kutumia gitaa la nyuzi saba. Sikiliza The Mirror, mlio ule mzito unatoka huko. Halafu wimbo wa mwisho, Space-Dye Vest, ni utunzi wa Kevin Moore, mpiga kinanda aliyejitoa bendi kabla albamu haijatoka. Kinanda kinaanza taratibu, peke yake, na huzuni yake haifanani na chochote walichorekodi. Waambie hayo, usiseme tu "ni kali".

Images and Words ya 1992 ndiyo iliyowafungulia mlango, lazima iheshimiwe.

Mimi namba moja naipa Scenes from a Memory ya 1999, wala sisiti. Ni hadithi moja mwanzo hadi mwisho, ya Nicholas na Victoria aliyeuawa zamani. Ukiruka wimbo umepoteza uzi. Isikilizeni pamoja, mmoja akifuatilia mashairi.

Za baada ya mpiga ngoma wao, Mike Portnoy, kuondoka 2010 zipangeni siku nyingine. Kuzichanganya na hizi ndiko kunakowagombanisha.