Fundi Nijibu: Cressida yangu naitaka injini ya 2JZ, California watanikubalia?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi Mtanzania niko Sacramento, nina Toyota Cressida ya 1991, injini yake ya 7M imeunguza gasketi ya silinda hedi mara ya pili sasa nimechoka. Nataka niweke 2JZ, injini nyingine ya Toyota, kuna jamaa anauza ya kontena toka Japani bei poa, afu anasema masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, nisiweke maana gari ya zamani hivo haipimwi moshi. Kweli?
Msomaji, Sacramento

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenye moshi umedanganywa. California gari ya petroli inayosamehewa kwa uzee ni ya 1975 kurudi nyuma, yako inapimwa kila miaka miwili na siku ukiiuza pia, na kutoa masega ni kosa kwa sheria ya hewa safi ya Marekani nzima, siyo California peke yake.

Injini kubadilisha ruksa kabisa, ila iwe ya mwaka wa gari yako au mpya zaidi, itoke kwenye gari ndogo kama yako siyo lori, na ije na vifaa vyake vyote vya kuzuia moshi kama ilivyotoka kiwandani. Vyote! Masega, sensa za oksijeni, lile kopo la mkaa linalonyonya mvuke wa tenki, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, na waya zake, na kama imetoka kwenye gari ya 1996 kuja juu basi soketi ya kuchomekea mashine ya kupimia iwepo na taa ya cheki injini ifanye kazi. Hapo ndo injini ya kontena inapoumiza watu, unaletewa imefungwa kwenye paleti waya zimekatwa, unaanza kusaka kifaa kimoja kimoja mpaka hela inakata.

Mi ningetafuta Lexus IS300 iliyogongwa nyuma, ya 2001 hadi 2005, ina 2JZ-GE, ningeibeba nzima nzima. Ila kabla hujalipa fungua boneti usome stika ya moshi, kama California haijatajwa iache, maana Cressida yako kama ilitoka kiwandani kwa viwango vya California hawataki uishushe kiwango.

Ukishafunga usikimbilie kituo cha kawaida, weka miadi na refa, ndo wanavyomwita mkaguzi wa Bureau of Automotive Repair, ofisi ya California inayosimamia upimaji wa moshi. Akiridhika anabandika lebo kwenye gari inayoonyesha injini iliyomo ni ya gari gani na mwaka gani, kuanzia hapo vituo vya kawaida watakupima kwa kufuata hiyo lebo.