Kasi ya kukata, ama kasi ya mashine?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea ukerezaji wa vyuma. Chuoni tunaambiwa "kasi ya kukata", lakini karakana ninakofanyia mazoezi fundi anasema "spidi" tu, na akisema "punguza kasi" anataka nibadilishe gea. Ni kitu kimoja? Na niandike "kasi ya kukata" au "kasi ya kukatia"?

JIBU: Marahaba. Fundi wako hajaharibu Kiswahili. Spidi na kasi ni mamoja, ugomvi uko kwenye kinachofuata baada ya "ya".

Mashine ikizungusha chuma mara 300 kwa dakika, hiyo ni kasi ya mzunguko, na ndiyo unayoibadilisha kwa gea. Kasi ya kukata ni urefu wa chuma unaopita kwenye makali ya kisu kwa dakika moja, nao hupimwa kwa mita. Kama umewahi kucheza gwaride utanielewa upesi: mstari ukigeuka, wa ndani anapiga mguu palepale, wa nje anakaribia kukimbia, na bado wote wamegeuka pamoja.

Hesabu yake: kipenyo kwa milimita, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 1000. Kwa mizunguko ileile 300, nondo ya milimita 20 inapita kwenye kisu kama mita 19 kwa dakika. Chuma cha milimita 100 kinapita mita 94. Kwa kisu cha chuma cha kasi (chuma kinachohimili joto) kikikata chuma laini cha kawaida, wengi huanzia kwenye mita 30 hivi. Maana yake nondo ile inataka mizunguko karibu 480, na kile kinene karibu 95. Ukikiendesha kinene kwa 300, makali yataungua kabla hujamaliza.

Sasa sikiliza sentensi hii: "Punguza kasi ili kasi isizidi." Kichekesho. Lakini "punguza mizunguko ili kasi ya kukata isizidi" ni maelezo kamili ya kazi. Hata unaposawazisha uso wa chuma kutoka ukingoni kwenda katikati, mizunguko inabaki ileile, na kasi ya kukata inashuka mpaka sifuri. Neno moja halitoshi hapo.

Kuhusu "kukatia": kiambishi -ia- hapa huleta chombo, kama kisu cha kukatia au mashine ya kukerezea. Kasi si chombo. Kinachopimwa ni kukata kwenyewe, kwa hiyo andika "kasi ya kukata". Ila ukisema "kasi anayokatia fundi", hapo -ia- iko nyumbani kwake.

Wapo wanaoandika "mwendokasi wa kukata". Si kosa, ingawa kwa msomaji wa Dar es Salaam neno hilo limeshapanda basi. Hatua ambayo kisu kinasogea kila chuma kinapozunguka mara moja usiiite kasi kabisa. Iite mwendo wa kisu, kwa milimita. Na useme kasi kubwa au ndogo. "Kasi ya juu" naisikia kila siku, sijaizoea.

Nimetaja chuma cha kasi. Jina hilo linadanganya kidogo, maana chuma chenyewe hakikimbii, kinahimili joto la kasi kubwa. Frederick Taylor na Maunsel White walikitengeneza Marekani, na kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 watu walikiona kisu chake kikiendelea kukata huku ncha imeiva nyekundu.

Fundi akisema tena "punguza kasi", wewe badilisha gea kwanza. "Kasi ya nini?" utamwuliza wakati wa chai.