Mwanangu, kuhusu ile picha ya Nicaragua

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Umepekua boksi la karatasi zangu ukakuta picha nimefunga kikapu kiunoni, buti za mvua, katikati ya mikahawa, nyuma imeandikwa Matagalpa, Januari 1988, ukaniuliza, "Mama, si ndo huyu Rais Ortega wa huko mliyekuwa mnamuunga mkono anayefunga wanafunzi sasa? Hujutii?" Halafu ukagusa na lile la bibi yako, kwamba nauli nilikuwa nayo nikaenda kwa watu badala ya kurudi Kibosho kumwona. Nakujibu yote.

Nianzie London. Nilifika kusoma 1984. Mimi nimekulia Tanzania ya wapigania uhuru, Wasauzi walikuwa na shule yao Mazimbu pale Morogoro, redioni kila siku makaburu makaburu, sasa nafika kule nakuta ubalozi wa makaburu uko katikati ya jiji, Trafalgar Square, na watu wanaupita kama duka. Aprili 1986 vijana wakaanza kusimama mbele yake usiku na mchana, wakaapa hawabanduki mpaka Mandela atoke, na mimi nikachukua zamu ya Ijumaa usiku. Usifikiri ilikuwa hotuba. Ilikuwa kushika bango, kuimba, vidole vimekufa ganzi, polisi wanabeba wawili watatu, mnasogea kuziba nafasi mnaendelea. Jumamosi tunagawa vipeperushi nje ya supamaketi, tunaomba watu wasinunue matunda ya Afrika Kusini. Kuna bibi mmoja wa kizungu alikisoma chote amesimama kwenye mvua, akarudi ndani na mfuko wake wa maepo, akatoka mikono mitupu, akanishika mkono, hakusema neno. Novemba mwaka huohuo benki ya Barclays, ambayo wanafunzi walikuwa wameisusia miaka na miaka, ikatangaza inajitoa Afrika Kusini. Yule bibi ndiye nilimkumbuka.

Hapohapo ndo nikawajua watu wa Nicaragua, nchi ya Amerika ya Kati. Wasandinista, wanamapinduzi wa huyo Ortega, walikuwa wamemng'oa dikteta Somoza Julai 1979, mwaka uliofuata wakapeleka vijana vijijini kufundisha watu kusoma, na kwa miezi mitano wasiojua kusoma wakashuka kutoka kama nusu ya watu hadi kama asilimia 13. Mimi ambaye mama yangu alijifunza kuandika jina lake kwenye darasa la elimu ya watu wazima, ningewaonaje hao kama si ndugu? Na Marekani ilikuwa inawapa Kontra, waasi waliopigana na Wasandinista, hela na silaha, wanaua walimu, wanachoma maghala. Juni 1986 Mahakama ya Kimataifa kule The Hague ikasema Marekani imevunja sheria, na vita ikaendelea vilevile. Vijana wengi wako jeshini, kahawa inaivia mtini, wakaomba watu wa nje waje kuchuma.

Nilikuwa nasafisha maofisi alfajiri kabla ya vipindi, na hela niliyoweka ingenileta Moshi. Nikaandika nyumbani kwamba naenda Nicaragua. Barua ya bibi yako ilichukua wiki tano, ameiandikisha kwa mjomba wako, chini kabisa jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Alisema kama ni kahawa na hapa ipo. Halafu akauliza: "Hilo shamba la huko, mwenyewe ni nani?"

Nilijibu ni la wananchi.

Kule brigedi yetu, yaani kundi la wachumaji wa kujitolea, tulikuwa ishirini na kitu, wengi hawajawahi kuuona mkahawa. Mimi kikapu kilipofungwa tu mikono ikakumbuka yenyewe, unazungusha tunda jekundu taratibu, kikonyo unakiacha kwenye tawi maana ndo patatoa maua mwakani, bichi usiiguse. Mikahawa iko chini ya migomba kama kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, na wanapima kwa debe kama sisi, wao wanaita lata. Wazungu wanavunja matawi, mama wa pale anapita nyuma yao anayaegesha bila kuwagombeza. Huyo mama ndiye tuliyelala kwake, wali na maharage asubuhi, wali na maharage jioni, na mwanawe mdogo ndo huyo unayemwona mbele kwenye picha, amevaa kofia yangu. Usiku wafanyakazi walishika zamu na bunduki. Miezi minane kabla yetu Kontra walikuwa wamemuua Benjamin Linder, injinia kijana wa Kimarekani aliyekuwa anajenga mtambo mdogo wa umeme huko milimani, kwa hiyo hofu ilikuwepo, tulilala na viatu.

Sasa nikwambie ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku moja alikuja mkubwa wa shamba na gari kutoka mjini, la serikali lile shamba, na wachumaji wote wakanyamaza. Yule mama alikuwa wiki nzima analalamika debe zake zinaandikwa pungufu, mkubwa alipouliza kama kuna tatizo akainamisha kichwa. Nikamkumbuka bibi yako, maana watu wa Kibosho waliona 1976 vyama vya ushirika vinavunjwa na serikali kwa jina lao hao wananchi, ndo maana aliuliza. Niliporudi London nikaandika ripoti ya safari kurasa nne na hilo sikuliandika. Nilisema moyoni adui atalitumia.

Februari 1990 nilikuwa nimesharudi nyumbani. Tarehe 11 Mandela katoka, nililia. Tarehe 25 Ortega akashindwa uchaguzi na Violeta Chamorro wa upinzani, nikalia tena, lakini alikabidhi madaraka na mimi nikajivunia.

Ortega akarudi madarakani 2007. 2018 wanafunzi wakaandamana wakapigwa risasi, waliokufa ni zaidi ya 300. Rafiki yangu wa ile brigedi akanitumia tamko la kulaani, nikakaa nalo miezi, sikusaini, sababu ileile, adui atafurahi. Mpaka Juni 2021 walipomkamata Dora María Téllez, kamanda wa kike tuliyekuwa tunamsimulia kwenye mikutano London, mmoja wa walioongoza kuteka bunge la Somoza 1978. Hapo ndo nikasaini. Kwa hiyo ndiyo, najutia. Kwenda sijutii, na ile Ijumaa usiku Trafalgar sijutii hata moja. Najutia ile ripoti, na ile miaka mitatu ya kunyamaza wakati watoto wa watu wako jela.

Na bibi yako, niliporudi 1989 hakunigombeza. Alinipeleka kihambani akanipa kikapu, akasimama ananiangalia navyochuma, mstari mzima. Akasema, "Hujasahau." Halafu akaniuliza tena lile swali, na safari hii nikamjibu ukweli.

Hiyo picha usiilamineti, ipige kwa simu unitumie pande zote mbili. 2018 nilikuwa naangalia video za maandamano ya Matagalpa usiku kucha, namtafuta huyo mtoto wa kofia, na sikumbuki vizuri sura yake.

Mama