Vishikio vya ncha za vidole: kunja kidogo, kanyaga sana

Iwe unapanda miamba ya Lukenya nje ya Nairobi au ukuta wa mazoezi, ukingo wa kushikilia wenye kina cha milimita 10 haushindwi kwa vidole peke yake. Tafuta pa kukanyaga kwanza, sogeza nyonga karibu na mwamba, ndipo uvute. Wengi hufanya kinyume chake, miguu ikateleza na vidole vikabeba mwili mzima kwa ghafla.

Papasa ukingo kabla ya kuukaza mkono. Penye kina zaidi pawe pa kidole cha kati, vingine vibanane nacho. Kunja nusu: kiungo cha kati kiwe karibu nyuzi 90, kile kilicho karibu na ukucha kibaki kimenyooka. Ukikunja zaidi, kiungo cha ukucha hubonyea kinyumenyume, na kidole gumba huja juu kukandamiza kidole cha shahada. Mkunjo huo kamili una nguvu kweli, lakini uuweke kwa hatua moja au mbili ngumu, usiwe mazoea.

Sababu iko ndani ya kidole. Kano inayokikunja hubanwa kwenye mfupa na vimkanda vidogo. Kadiri unavyokunja, kano inataka kuachana na mfupa, na kimkanda cha pingili ya kwanza, ile iliyo karibu na kiganja, ndicho kinachozuia. Cha kidole cha pete ndicho hukatika mara nyingi. Ukisikia "pa!" na maumivu chini ya kidole upande wa kiganja, shuka hapohapo. Usijipime kwa kujaribu tena. Nenda ukapigwe ultrasaundi.

Kiwiko kikianza kunyanyuka pembeni, vidole vimeshachoka. Pumzika.

Kwa mazoezi, pasha vidole dakika 15 hadi 20 kwenye vishikio vikubwa. Kisha ning'inia kwenye ukingo wa milimita 20 wa ubao wa kuning'inia, mkunjo nusu, sekunde 10, upumzike dakika 3. Mara 5 zinatosha, siku mbili kwa wiki. Ukizidiwa, weka mguu mmoja kwenye kiti upunguze uzito. Usiongeze haraka eti unajisikia una nguvu: misuli hukomaa mapema, kano huchelewa sana. Aliyepanda chini ya mwaka mmoja aendelee tu kupanda, ubao wa kuning'inia umsubiri.

Vijana ambao bado wanakua waepuke mkunjo kamili kabisa. Mfupa wao una sehemu laini ya ukuaji inayoweza kuvunjika polepole. Kijana akilalamika kiungo cha kati kinamuuma, asipande tena mpaka daktari aione picha ya eksirei.