Kaka yako hategi kazi: eksirei safi si mwisho wa ajali ya lori

Mkuu, umeuliza kama kaka yako anatega. Anaendesha tipa machimboni, miezi 3 iliyopita alivaana na lori lingine kwenye njia ya vumbi, eksirei haikuonyesha mvunjiko wowote, lakini bado analalamika mgongo na kichwa, na nyumbani amekuwa mkali. Bosi anamtaka arudi wiki ijayo. Nakujibu kama mtu aliyepita humo humo: hategi.

Yangu ilitokea kwenye njia ya kubebea kifusi. Vumbi zito, mwenzangu akaja upande wangu, tukakwaruzana ubavu kwa ubavu, nikatoka njiani na kabini ikadumbukia mtaroni. Wala mwendo haukuwa mkubwa. Nilishuka mwenyewe, nikazunguka kukagua matairi, nikampigia msimamizi nikamwambia niko salama. Mwili ukiwa umejaa mshtuko hausikii maumivu. Asubuhi yake nilishindwa kuinama kufunga kamba za viatu.

Wengi wanaona kwamba kama mwendo ulikuwa mdogo, basi hakuna madhara. Nje ya lami mambo ni tofauti. Lori linadunda, linalala ubavu, linashuka kwa kishindo, na pigo linapanda kutoka kwenye kiti moja kwa moja hadi mgongoni. Kiti changu cha upepo kilishuka mpaka kikagonga sakafu ya kabini, kikanirusha juu, mkanda ukanirudisha. Pigo la hivyo linaweza kubonyeza pingili, hasa pale mgongo wa kifua unapokutana na kiuno, au likaisukuma diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, ikabana mshipa wa fahamu. Eksirei inaonyesha mfupa, lakini diski na mishipa ya fahamu haionyeshi. Tatizo langu lilikuja kuonekana kwenye MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata diski na mishipa ya fahamu, mwezi wa 5 tangu ajali, baada ya ganzi kushuka kutoka takoni mpaka kidole gumba cha mguu wa kushoto. Ndio mguu wa klachi huo. Kuna siku niliukanyaga nikawa sijui umefika wapi, nikalazimika kuinama kuutazama. Siku hiyo nilizima lori nikashuka.

Kuhusu kichwa: mimi sikukigonga popote, ila ubongo unaweza kutikisika bila kichwa kugonga kitu. Mwanga ulikuwa unaniumiza, na kelele ya injini pia. Nilikuwa nasimama mbele ya lori na funguo mkononi nisikumbuke kama nimeshaangalia maji ya rejeta. Walio wengi hupona ndani ya wiki chache, wengine huchukua miezi, na kumuharakisha mtu humrudisha nyuma. Lakini kama kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, au anatapika, anasinzia ovyo, upande mmoja wa mwili unalegea, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Damu inaweza kujikusanya polepole juu ya ubongo na kuleta dalili wiki kadhaa baada ya ajali. Na akianza kupata ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukamtoka bila kujua au ukakataa kutoka, msisubiri hata kupambazuke.

Huo ukali nyumbani usiuchukulie kama tabia mbaya. Mimi nilimfokea mwanangu kwa kuangusha sufuria tu, kisha nikakaa nje nikitetemeka, maana mlio ule ulikuwa kama wa bati la kabini likikunjika. Usiku nilikuwa naliona lile vumbi. Hali ikipita mwezi mmoja bila kupungua inahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na inatibika. Nilichelewa miezi mingi kwa sababu ya aibu, na familia yangu ndiyo iliyoumia.

Sasa ni mwaka wa 6. Goti lililogonga dashibodi limeanza kusagika, hukakamaa nikikaa muda mrefu. Mgongo unaenda kwa mazoezi. Dawa za maumivu asizizoee: zile kali zinaleta usingizi, hazifai kabisa kwa mtu anayeshika usukani, na hata zile za kawaida ukizimeza kila siku zinaweza kuumiza tumbo na figo.

Kurudi wiki ijayo kwenye tipa, hapana. Mtetemo wa kabini kutwa nzima kwenye njia mbovu ndio utakaommaliza. Daktari aandike kwa maandishi: kazi nyepesi kwanza, kisha safari fupi, na kiti kirekebishwe kabla hajakikalia. Kila maumivu mapya yaandikwe na tarehe yake na yapelekwe kliniki, hata yakionekana madogo. Mimi sikuandika. Ganzi ilipokuja, mwajiri wangu alisema nimeipata kwingine, na sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha.

Mkishapata MRI, andika hapa ni pingili zipi, nikueleze mazoezi niliyopewa na yale niliyokatazwa, akamuulize mtaalamu wake.